Nywele Ndani ya Feni

Tulimwacha Mjomba bisibisi mkononi, macho yamemtoka, sauti imempasuka: "Usiishike!"

Na mkono wa Mshonaji, wasomaji wangu, ulikuwa umebakiza upana wa kidole tu kuigusa ile kadi.

Aliurudisha kwa kasi hata akalipiga kopo la skrubu, zikamwagika meza nzima. Hapo hapo, katikati ya mapanga ya feni za kadi hiyo, akachungulia mende.

Msidhani ni kile kimende chembamba cha kabatini. Huyu alikuwa mende wa kushiba, rangi ya mafuta yaliyoungua, anaburura kifuko cha mayai nyuma yake. Akapanda juu ya utepe mwekundu wa zawadi, akachezesha ndevu, akashuka upande wa pili bila haraka.

"Ptuu!" Mshonaji akatemea mate nje ya mlango.

Mchumba wake, Dalali, akacheka. "Mpenzi, unaogopa mdudu?"

Kama hukuwa nasi juma lililopita, sogea nikuonjeshe. Mshonaji huyu mchana anashona sare za watu. Jioni akishavua mtandio wake anakaa mbele ya kompyuta anashindana mbio za magari na watu asiowajua, wa nchi asizozijua. Mkono anao, jicho analo. Tatizo ni kadi yake ya grafiki, kile kipande kinachochora picha kwenye skrini. Imezeeka. Akifika konani barabara inakatika vipande vipande, gari la mbele linaruka kama panzi, anashindwa na watu wasiomfikia hata kisigino.

Basi Dalali akamletea kadi mpya, kubwa, ya feni tatu, imefungwa utepe. Akamwambia: "Wenzangu huleta pete. Mimi nakujua, nimekuletea hii. Siku utakayoifunga kwenye mashine yako, nitajua umenikubali, nije na wazee wangu kwenu."

Mnaona mtego ulivyo? Akiikubali kadi, amemkubali mwanamume. Akiikataa kadi, harusi hakuna, na mama yake mzazi amekwisha kuchagua kitambaa atakachovaa.

Ndiyo maana Mshonaji aliibeba hadi kwa Mjomba, fundi wa kompyuta, mdogo wake mama, aikague yeye anayejua. Na Dalali akamfuata nyuma.

"Hii kadi umeinunua wapi?" Mjomba aliuliza. Hakumtazama Dalali usoni.

"Ng'ambo. Mpya. Hujaona boksi?"

"Boksi nimeliona. Boksi jipya."

"Sasa?"

"Mende naye kapanda ndege?" Mshonaji aliuliza.

Dalali akatoa tabasamu lake, lile lililomlainisha mama mkwe mtarajiwa. Kisha akachomoa mfukoni fungu lake la funguo, maana dalali wa nyumba hatembei bila funguo za watu, akachagua mmoja mwembamba, akauzamisha sikioni. Akauzungusha. Akautoa. Akakitazama ulichobeba, akaupangusa kwenye suruali.

Mshonaji alikuwa ameona jambo hilo mara nyingi akalimeza. Leo lilikataa kumezeka. Huo ufunguo, alijiambia, unafungua mlango wa mtu.

"Ghalani wadudu huwa hawakosekani," Dalali alisema. "Ipulize vumbi, iweke. Mchezo umekwisha."

Mjomba hakupuliza. Alifungua skrubu za kifuniko, akainua feni ya kwanza, na harufu ikatoka.

Niwaambieje? Ilikuwa harufu ya mafuta ya nywele yaliyochacha, yamechanganyika na jasho na vumbi lililopikwa kwa moto wa mashine mpaka likawa ukoko. Katikati ya vyuma vyembamba vya kupoozea palijaa kitu cha kijivu, laini, kinanata, mfano wa kile unachovuta kwenye tundu la bafu lililoziba. Ndani yake mabawa ya mende, magamba ya mayai, na kitu fulani ambacho Mshonaji alitumaini ni kipande cha mkate.

Akaenda mlangoni, akatema mate tena.

"Haikufai," Mjomba alisema haraka haraka. "Weka uchafu pembeni. Kadi ni ndefu, kasha la mashine yako ni fupi, haitaingia mpaka tukate chuma. Boksi lako la umeme ni dogo. Ukilitwisha mzigo huu, mashine itazima katikati ya mbio, au itatoa moshi. Na ubongo wa mashine yako ni wa zamani. Kadi itamaliza kazi yake ikae inausubiri. Utakuwa umefunga farasi kwenye toroli."

Akanyoosha mkono rafuni, akatoa kadi ndogo ya feni moja. "Hii imetumika, sikufichi. Lakini nimeisafisha mwenyewe, na kwa skrini yako inatosha na kubaki. Chukua hii, mwanangu. Nakuomba."

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Lakini jasho lilikuwa linamtiririka puani, na feni ya ukutani ilikuwa inampuliza yeye peke yake.

"Mjomba," Dalali alisema taratibu, "wewe ni fundi au ni mshenga wa mwingine?"

"Mimi nasema ya mashine."

"Basi ya mashine yana dawa. Kasha litanunuliwa, boksi la umeme litanunuliwa. Tena utalifunga wewe, na utashukuru." Alilitamka hilo neno la mwisho kama mtu anayegonga msumari, na Mjomba akainamisha kichwa.

Dalali akamgeukia mchumba wake. "Nami sikai kuhukumiwa na kadi. Chagua. Yangu, au hicho kidude cha mjomba wako. Lakini ukichukua kidude, uniambie leo leo nikawaambie wazee wasivae viatu."

Mshonaji alimfikiria mama yake na kile kitambaa. Umri wake ulimpitia kichwani, pamoja na majirani wanaomwita Bi Kompyuta na kucheka. Uchafu unaoshwa, akajisemea. Nguo ngapi nimepokea zina madoa nisiyothubutu kuyauliza? Nikafua, nikapiga pasi, mwenyewe akaja akavaa akapendeza.

"Nipe brashi," alisema.

"Mwanangu..."

"Nipe brashi, Mjomba. Nikiisafisha nitajua kama nitaweza."

Dalali akapiga makofi mawili, akarudisha ufunguo sikioni, sikio la pili.

Mshonaji akafunga mtandio wake puani, akachukua brashi na koleo dogo la ncha. Akauma meno. Akavuta ule uchafu wa kijivu.

Ukaja. Ukazidi kuja. Ulikuwa unavutika kama uzi kwenye kibiringo, mrefu, mrefu, mpaka akasimama wima mkono juu na mwisho wake bado umo ndani ya feni.

Zilikuwa nywele ndefu za kike, zimepakwa rangi ya zambarau iliyoiva.

"Za nani hizi?"

"Za dukani," Dalali alisema. Meno yalikuwa bado nje, ila macho yalikuwa yameacha kucheka.

"Si ulisema ghalani?"

"Ghala la duka. Wewe nawe! Kwani duka halina wanawake?"

"Hapana anayemwaga nywele nyingi hivi kwa kupita. Huyu amekaa karibu na feni hizi siku baada ya siku. Amekaa, ameinama, amejikuna kichwa. Mimi nakaa kwenye mashine, najua."

Mjomba alikuwa anapangusa bisibisi ambayo haikuwa na uchafu. Dalali akafungua mdomo kujibu.

Sauti iliyosikika haikuwa yake. Ilitoka barazani, ya kike, nene, imechoka.

"Fundi! Fundi upo? Njoo unipokee, mkono unakatika!"

Wapenzi, sijapata kumwona mwanamume mnene akawa mwepesi kiasi kile. Dalali alishika tumbo. "Tumbo! Choo kiko wapi?" Na kabla hajajibiwa alikwisha ruka viti, amepita pazia la nyuma, mlango wa choo umemgonga mgongoni.

Na choo cha Mjomba, bomba lake lilikufa zamani. Mtu mwenye akili zake haingii mle kwa hiari.

Aliyeingia dukani alikuwa mama wa makamo, amebeba kasha la kompyuta kiunoni, amelifunga kwa shuka. Akalitua mezani, akaketi, akajipepea kwa ncha ya kanga.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Fundi, mashine uliyonifungia imepofuka! Inawaka, feni zinazunguka, lakini skrini nyeusi kama sufuria. Kazi ya watu iko mle ndani, harusi nzima, bwana na bibi wanaisubiri. Mimi ndiye Mama Video," alimgeukia Mshonaji, "wapiga video wakishapiga, mimi ndiye nakata na kuunga. Wananiletea hata kutoka miji ya mbali, sijisifu."

Alipogeuka, kilemba chake kililegea.

Nywele zikashuka begani, rangi ya zambarau iliyoiva.

Na ile harufu ya mafuta, safari hii mabichi, ikamfikia Mshonaji puani hata kupitia mtandio.

Alikuwa bado ameshika koleo, na rundo la nywele linaning'inia.

"Mjomba," alisema polepole. "Mfungulie dada mashine yake."

"Nitaifungua baadaye, kuna..."

"Ifungue sasa."

Mjomba akafungua. Ndani ya kasha, pale kadi ilipotakiwa kukaa, palikuwa na nafasi tupu, na nyaya mbili za umeme zinaning'inia hazina pa kwenda.

Mama Video akaduwaa. Akatazama nafasi ile, akatazama meza, akaona kadi ya feni tatu imelazwa juu ya utepe mwekundu.

"Hii si yangu?"

Akainama juu yake.

"Hii ni yangu! Feni ya katikati imekatika ncha, niliikata mimi kwa chanuo nilipokuwa natoa vumbi. Tazama! Fundi, kadi yangu imefikaje mezani kwako kabla yangu?"

"Imekuja na mimi," Mshonaji alisema. "Nimepewa zawadi. Dada, nyumbani kwako unaishi na nani?"

"Na mume wangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Dalali wa nyumba. Kwa nini?"

Mshonaji akaelekeza kidole sikioni mwake. "Ana tabia ya..."

"Ya kuchokoa masikio kwa funguo za wapangaji? Dada, hiyo nimeipigania mpaka nimenyoosha mikono." Mama Video akaacha kujipepea. Akamtazama binti huyu, akautazama utepe. Si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. "Zawadi ya nini?"

"Ya posa."



Mshonaji akaweka koleo chini. Akapita pazia la nyuma, akalikamata komeo la nje la mlango wa choo, akalisukuma. *Kraa!*

"Nani huyo?" sauti ikauliza ndani, nyembamba. "Mpenzi? Fungua, humu hakuna hewa!"

"Hewa ipo. Vuta."

Alirudi dukani akijipangusa kiganja kwenye sketi kana kwamba komeo nalo lina ute. Akasimama mbele ya mjomba wake. Kuna neno la Mama Video lililokuwa limemkwama sikioni, na sasa lilikuwa linamuuma.

"Dada amesema, mashine *uliyonifungia*."

Mjomba akaanza kuokota skrubu.

"Ulipiga kelele nisiishike. Nikadhani ni mende. Kumbe uliiona kadi ukaijua."

"Mwanangu..."

"Uliifunga wapi?"

Alijibu Mama Video. "Sebuleni kwangu. Mume wangu amekaa kwenye kochi na kaptula, anakula karanga, anamuuliza maswali kila anachoshika. Wakapiga soga mpaka chai ikapoa."

"Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilipomleta hapa," Mshonaji alisema, "nikakwambia Mjomba, huyu ndiye, ukamshika mkono, ukasema karibu sana mwanangu... ulikuwa unajua ana mke."

"Chumba hiki cha duka ni yeye aliyenitafutia. Funguo anazo yeye. Akiamka vibaya, mimi na meza yangu tuko barabarani. Ningefanya nini?"

"Ungesema."

"Nilijaribu! Sikukwambia kasha fupi? Sikukwambia boksi la umeme dogo? Nilikukataza kwa kila..."

"Kasha!" Mshonaji alipaza sauti hata wapita njia wakachungulia. "Mimi naolewa na kasha, Mjomba? Naolewa na boksi la umeme? Unaona ndugu yako anatumbukia shimoni, unampa vipimo vya shimo!"

Mjomba alijaribu kumshika mkono. Akaukwepa, kama alivyoukwepa ule mkono wake mwenyewe kutoka kwa mende. Mende, alifikiri, angalau alitoka akaonekana.

Mama Video muda wote huo alikuwa anatoa nywele zake kwenye feni kwa kucha, moja moja, anazikunja. Halafu akavuta pumzi.

"Mdogo wangu. Nisikilize vizuri, maana sina nguvu za kugombana. Mwanamume mchukue. Kadi naitaka."

"Dada, sichukui mwanamume wala kadi."

"Una hakika? Anajua kuosha vyombo akitaka kitu."

Wanawake wawili wakatazamana. Kicheko kikawatoka, kicheko kibaya, cha watu waliokunywa maziwa yaliyoharibika kutoka kikombe kimoja.

"Nimechagua," Mshonaji alisema kwa sauti, uso ameuelekeza kwenye pazia. "Umesikia huko ndani? Wazee wako wasivae viatu!"

"Mpenzi, ni kadi tu! Usituvunjie nyumba kwa sababu ya kadi!"

"Nyumba ipi? Ile ambayo mkeo yuko hapa?"



Mjomba aliisogeza ile kadi ndogo ya feni moja mbele ya mpwa wake, taratibu, kama anayemrudishia mtoto kijiko. "Basi chukua hii. Bure. Nitakuja kukufungia mwenyewe."

Aliitazama. Ilikuwa safi, inang'aa, ingemwondolea panzi wote barabarani. Na kila ikichora kona, angeuona uso wa Mjomba akisema karibu sana mwanangu.

"Rudisha rafuni. Nitacheza na yangu ya zamani. Ikikwama, ikwame."

Mama Video akasimama. "Haya. Fundi, pamoja na unafiki wako, nifungie kadi yangu. Watu wa harusi hawajui habari za chooni kwako."

Mjomba akaisafisha, akaipangusa, akaichomeka. Nyaya mbili zikarudi pahali pake. Kitu kile kile alichokataa kukifunga kwa maneno mengi, alikifunga bila hata moja.

Ndipo mlango wa choo ulipoanza kutikisika.

"Msiiweke!" Dalali alipiga kelele. "Kadi ivunjeni! Nitanunua nyingine, mke wangu, nakuapia, mpya kabisa, ivunjeni hiyo!"

Wote watatu wakageuka.

"Kwa nini tuivunje?" Mama Video aliuliza.

"Imeharibika! Ina mende! Itaunguza mashine!"

"Hukusema hivyo ulipompa mwenzangu."

"Msiangalie zile picha! Mle ndani ya kadi mna... Basi tu! Msiangalie!"

Mjomba alikunja uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana fundi. "Anasema nini huyu? Picha hazikai kwenye kadi. Kadi inachora tu kile inacholetewa. Picha ziko kwenye diski, na diski haijaguswa. Hata kadi ingetupwa jalalani, video zote zimo humu humu."

Mama Video aliketi tena, polepole sana.

"Nilikuwa naipakia hiyo harusi mpya," alisema. "Sijaiangalia hata. Niliiwasha nisikie sauti ya ukumbi tu, nikaondoka kwenda sokoni, nikamwacha yeye kwenye kochi. Kurudi, skrini nyeusi. Yeye akasema umeme umecheza."

Hapo Mshonaji akaelewa. Kumbe si kwamba mtu alikosa zawadi akamwibia mkewe. Mtu alitaka kufuta jambo, akang'oa kile alichomwona fundi akikiweka siku picha zilipoanza kutembea, akadhani ameondoka nazo. Halafu akaona asiutupe ushahidi bure. Akaufunga utepe mwekundu akaenda kuposea.

"Washa," Mama Video alisema.

"Msiwashe!" mlango ulilia.

Mjomba akaunga skrini ya dukani, akawasha, na Mama Video akaifungua ile harusi.

Skrini ikapata mwanga. Ukumbi wa mapazia meupe, muziki, watu wanasimama. Bwana harusi akaingia na suti ya kijivu, anapunga mkono kama mgombea, tabasamu lile lile.

Alikuwa Dalali.

"Suti hiyo niliipiga pasi mimi," Mama Video alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Aliniambia anakwenda kuzika. Mpangaji wake amefariki, alisema. Nikamtilia na leso mfukoni ya kufutia machozi. Ileee, inaonekana."

Mshonaji akaziba mdomo kwa mikono miwili. Safari hii alijua hatakuwa na muda wa kufika mlangoni, akainamia ndoo ya taka ya Mjomba.

Alipoinua kichwa, kamera ilikuwa nyuma ya bibi harusi. Gauni refu, shela. Mkono wake ulimlisha bwana harusi kipande cha keki, naye bwana harusi akakipokea, kisha akamlamba vidole vyote, kimoja kimoja, ukumbi unashangilia.

Bibi harusi akacheka, akageuka, akafunua shela.

Bisibisi ilimtoka Mjomba mkononi.

Mshonaji alimfahamu binti yule tangu walipokuwa wanabebwa mgongoni. Walilala kitanda kimoja, walisukana nywele. Sasa alikuwa chuo cha ualimu, mji mwingine, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amempigia simu baba yake: Baba, niombee, mitihani imekaza. Baba akamwombea, kwa sauti, mbele ya wateja.

Mtoto wa pekee wa Mjomba.

"Alikuwa anakuja hapa likizo," Mjomba alisema, bila kumwambia mtu. "Alikuwa anakaa kiti kile. Yule mwanamume akija, binti yangu ndiye aliyekuwa anamletea maji ya kunywa. Na mimi nikanyamaza. Nikanyamaza nikidhani ninachokinyamazia ni cha..."

Hakumaliza. Alimtazama Mshonaji, na Mshonaji akajua neno lililobaki ni *chako*.

Kwenye skrini harusi iliendelea. Mama Video hakuizima. Macho yake hayakupepesa.

Mjomba akanyoosha mkono kwenye kile kichuma cha kulehemu kilichokuwa kikiwaka tangu asubuhi pembeni ya meza. Akakichomoa kwenye kishikio chake, ncha inatoa uzi wa moshi. Waya wake ulikuwa mrefu. Ulifika hadi pazia la nyuma, ukapita.

Mshonaji alimkimbilia, akamtangulia mlangoni, akaweka mgongo juu ya komeo. Harufu ya kile choo ilimpanda kichwani.

"Mjomba. Rudisha hicho."

"Nipishe, mwanangu."

"Rudisha."

"Jamani?" sauti ikauliza ndani. "Mke wangu? Mpenzi?" Hakujua amwite yupi. "Mna ugomvi gani hapo? Nifungulieni, tuzungumze kama watu wazima. Mzee, wewe unanijua mimi!"

Mjomba alikuwa analia bila sauti. Mkono ulioshika kichuma ulikuwa umetulia tuli, kama anapogusa waya mwembamba kuliko unywele.

"Mzee! Waambie! Wewe na mimi ni watu wa kusitiriana!"

Mshonaji alimtazama mjomba wake. Akaligeukia komeo.

Akalivuta, akapisha.